Skana inazima kabla ya Magharibi: ni betri au ni redio yenyewe?

KizingoMawimbi

Assalaam aleikum wanajamvi. Naomba msaada wa wataalamu wa redio.

Nina skana ya mkono, ile redio ndogo ya kusikiliza tu, haina kitufe cha kuzungumzia. Inatumia betri mbili za AA za kuchaji, aina ya NiMH. Jioni huketi nayo Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, nikasikiliza meli zinazoingia Kilindini, chaneli 16 na nyinginezo za baharini, na mara moja moja ndege zinazotua uwanja wa Moi. Zamani nikiichaji usiku, kesho yake inanichukua kutwa nzima hadi Isha. Siku hizi nikiiwasha baada ya Alasiri, jua halijazama inalia tiii, kisha kimya.

Nikaenda kununua betri mpya kwenye kibanda upande wa Mwembe Tayari, zimeandikwa 3000 mAh, yaani kiasi cha chaji zinachobeba. Mambo yale yale, labda zimeongeza robo saa. Huchaji ndani ya redio yenyewe kwa waya wa USB na kichwa cha chaja ya simu. Kuna jamaa kaniambia redio imeanza "kunywa" betri, nipeleke ibadilishwe bodi. Kabla sijatoa pesa, nisaidieni. Kosa liko wapi?

Mtopanga_Finest

Betri za kibandani hizo. Tupa, nunua nyingine. Uzi umeisha 😂

BaharaMkongwe

Mwanangu, hayo mawe ya kuchaji yana tabia ya kukariri. Ukiyachaji kabla hayajaisha, yanazoea kuishia pale pale. Iache redio iwake mpaka izime, iwashe tena mpaka izime, yakauke kabisa ndipo uchaji. Sisi melini tulikuwa tukifanya hivyo na redio za mkono, na zilidumu.

FundiKibokoni

Mzee Bahara, shikamoo. Ulivyosema ni kweli kwa betri za nikeli-kadimiamu, ambazo ndizo zilikuwa kwenye redio za enzi zenu. Kwa NiMH shida hiyo ni ndogo mno. Na kuzikausha zikiwa mbili ndani ya redio kuna hatari yake. Betri mbili hazilingani hata siku moja. Iliyo dhaifu huisha kwanza, mwenzake bado ana nguvu anaendelea kusukuma umeme, na ile iliyokwisha inapinduliwa, chanya inakuwa hasi. Ikipinduliwa mara kadhaa hiyo haifai tena.

KizingoMawimbi, betri mpya na za zamani zikifanya vile vile, mimi siendi kulaumu betri moja kwa moja, wala bodi. Nijibu haya: ukichaji unaacha kwa saa ngapi? Unaichaji ikiwa imewashwa au imezimwa? Ndani ya tundu la betri kuna swichi ndogo ya kuchagua aina ya betri? Na zile springi zina rangi gani?

Halafu fanya jaribio moja la bei rahisi. Nunua betri mbili za alkalaini za kawaida, mpya, weka swichi upande wa alkalaini, uitumie kama kawaida. Usichomeke USB zikiwa ndani. Alkalaini hazichajiwi, hupasuka zikamwaga magadi yakala kila kitu.

BintiMajengo

Nauliza tu, huku kusikiliza meli na ndege mwaruhusiwa?

Msimamizi

Leseni za vyombo vya redio Kenya zasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, waulizwe wao. Mjadala huo una uzi wake, tusiufungue hapa. Turudi kwenye betri.

KizingoMawimbi

Shukran fundi. Majibu:

Huchaji kuanzia nikirudi nyumbani mpaka asubuhi, tuseme saa nane hivi, na mara nyingi naiacha imewashwa kwa sauti ya chini. Stima ikipotea usiku siwezi kujua. Swichi ipo, iko upande wa NiMH. Springi... nimezitazama kwa tochi ya simu, moja ina ukungu wa kijani chini kwenye mzizi, nyingine ina weupe kidogo.

Alkalaini nimezijaribu. Zimekwenda mpaka nimechoka mimi. Kwa hiyo bodi ni nzima?

FundiKibokoni

Bodi inaelekea ni nzima, na huyo wa "kunywa betri" mwambie asubiri. Lakini alkalaini zinaficha jambo. Mbili mpya zina volti 3 na ushei. NiMH mbili, hata zikijaa vizuri, zikianza kazi hukaa kwenye 2.4 au 2.5 muda mwingi wa safari yao. Sasa ikiwa pana mahali umeme unakwama njiani na robo ya volti inapotea, alkalaini hazijali, zina akiba. NiMH hazina pa kutolea. Skana za betri mbili nyingi huanza kulia zikiona karibu na volti 2. Kwa hiyo redio inakwambia betri zimekwisha na huku nusu ya chaji bado imo.

Huo ukungu wa kijani ndio ninaoushuku. Unakaa na redio ufukweni, upepo wa chumvi unaingia mpaka kwenye kitasa cha mlango, utashindwa kuingia kwenye springi?

Tafuta mita ya dijitali, hata ya kuazima. Iweke kwenye volti za DC, kipimo kidogo kinachofika volti 2. Redio iwe na betri za kuchaji zilizojaa, iwe imewashwa na inatoa sauti. Hapa ndipo wengi huharibu kipimo, hupima ikiwa imezimwa wakaona kila kitu kizuri. Ncha moja ya mita gusa kitako cha betri chenyewe, chuma cha betri. Ncha ya pili gusa mzizi wa ile springi, pale inapoingia kwenye plastiki au ilipolehemiwa. Hapo hupimi betri, unapima kiasi kinachopotea kati ya betri na redio. Panapokuwa safi mita isome karibu na sifuri, sehemu chache tu za elfu za volti moja. Ikisoma namba ya kuonekana, mwizi umempata. Fanya hivyo kila mguso, yote minne.

Kisha pima kila betri peke yake, chanya na hasi yake, redio bado inaimba. Leta namba.

Nyali_Frequency

Mbona mnajisumbua? Siku hizi kuna AA za lithiamu zenye tundu la USB ubavuni, zinatoa 1.5 sawasawa mpaka mwisho. Nimeweka kwenye tochi zangu zote.

5Z_Pembezoni

Kwa tochi sawa. Kwa skana, hapana. Ndani ya zile AA kuna saketi ndogo inayoshusha volti 3.7 kuwa 1.5, na saketi hiyo hukatakata umeme kwa kasi, ikatoa kelele za redio. Ukiwa kwenye masafa ya ndege, 118 mpaka 137 MHz, ambako bado wanatumia AM, inayonasa kelele kirahisi, utasikia mvumo juu ya rubani. Zaidi ya hapo zinatoa 1.5 mpaka dakika ya mwisho kisha zinakata ghafla, kipimo cha betri kwenye skrini kinakuwa pambo tu.

Na kwa wanaopita hapa wakisoma: msichanganye hizo na zile zinazoitwa 14500. Umbo lake ni AA kabisa, zinaingia bila shida, lakini kila moja ni volti 3.7. Mbili zinakuwa 7.4 kwenye redio iliyotengenezwa kwa 3. Moshi wake hauna fundi.

KizingoMawimbi

Nimepata mita kwa jirani, mwanawe anasomea umeme, tumepima pamoja. Namba hizi hapa, kwa zile betri za zamani:

Miguso mitatu: 0.01, 0.02, 0.01.
Mguso wa springi yenye kijani: 0.24!
Betri ya kwanza 1.24, ya pili 1.16.

Yule kijana alipoisukuma springi kwa ncha ya mita, namba ikaruka mpaka 0.09 kisha ikarudi. Na sauti ya redio ikabadilika kidogo.

FundiKibokoni

Basi ndiyo hiyo. Robo ya volti kwenye mguso mmoja. Na wakati wa kuchaji inakwamia hapo hapo, usidhani kuchaji kunapita njia nyingine.

Kusafisha: toa betri. Chukua kijiti cha pamba ya masikio, kichovye kwenye siki au maji ya ndimu, kikamue kisidondoshe, usugue kijani mpaka pamba iache kutoka na rangi. Huo ukungu ukiwa ni wa betri iliyovuja, mvujo wake ni wa kialkali, asidi kidogo huutuliza. Kisha pamba nyingine na spiriti ya dukani, ile ya kusafishia vidonda, kuondoa asidi yenyewe. Usiruke hatua hii, ndimu ukiiacha itaanzisha kutu mpya. Iache ikauke, halafu sugua ncha ya springi na vibati kwa raba ya kufutia penseli. Msasa usitumie. Springi zina ngozi nyembamba ya nikeli, ukiitoa chuma cha ndani kitashika kutu ndani ya msimu mmoja wa kusi. Mwisho ivute springi kidogo irefuke, imekaa imebanwa miaka.

Ikiwa kijani kimeingia mpaka pale palipolehemiwa, hapo ni kazi ya kulehemu upya, ya dakika chache, haina bei ya bodi.

BintiMajengo

Nimefungua rimoti ya TV yetu baada ya kusoma hapa. Ya Rabi. Kijani tupu.

5Z_Pembezoni

Tusisahau kuchaji. Saa nane na redio imewashwa haitoshi. Skana nyingi zinachaji taratibu kwa saa zilizowekwa kwenye menyu, hazina akili ya kujua betri imejaa. Chukua betri ya 2000 mAh, mkondo wa kuchaji tuseme 150 mA. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto, unahitaji kurudisha zaidi ya ulichotoa, kwa hiyo ni saa 16 hivi. Ukiichaji imewashwa, redio nayo inakula kwenye sahani hiyo hiyo, na zipo skana ambazo zikiwashwa hazichaji kabisa. Soma kitabu chake. Stima ikipotea kidogo tu, nyingine haziendelei zilipoachia.

Ndiyo maana mimi sichaji ndani ya redio. Nina chaja ya pembeni inayochaji kila betri kivyake na kukata yenyewe.

Na hizo 3000 mAh, tafadhali. AA ya NiMH ya kweli sijaona ikipita sana 2700. Zipime uzito kwa sonara yeyote Mji wa Kale, wana mizani ya gramu. AA nzuri ya 2000 ina gramu 26 au 27. Ikija na 16 au 17, ndani kuna betri ndogo na hewa.

KizingoMawimbi

Sonara kacheka sana. Gramu 17.

Mtopanga_Finest

Nilisema ni betri za kibandani, mkanicheka 😂😂

FundiKibokoni

Ulisema nusu, Mtopanga. Angenunua nzuri akaziweka kwenye springi ile ile angerudi hapa kulia.

KizingoMawimbi

Nimesafisha kama ulivyoelekeza fundi. Kijani kimetoka chote, mguso sasa unasoma 0.02. Nimeichaji imezimwa, saa 16, kwa zile betri za zamani nilizokuja nazo. Jana nimekaa Mama Ngina tangu mchana, meli ya makontena imeongozwa na rubani wa bandari mpaka ndani, Magharibi ikapita, nikatoka nayo inawaka. Imezima baada ya Isha. Si kama zamani zake, lakini ni redio tena.

Nikapima ilipoanza kulia: betri moja 1.19, nyingine 0.93.

FundiKibokoni

Maashallah. Hiyo ya 0.93 ndiyo inayomvuta mwenzake. Usiitafutie mchumba mpya, betri nzima ukiifunga na dhaifu utazipoteza zote. Ile ya 1.19 iweke kwenye kifaa cha betri moja, kama saa ya ukutani. Nunua jozi moja yenye jina, za siku moja, tarehe moja. Chagua zile zisizopoteza chaji zikikaa, kama Eneloop. NiMH za kawaida zikikaa bure kwenye droo hupoteza kama robo ya chaji kwa mwezi, na kwa joto letu la Februari na Machi ni zaidi. Na usiiache redio kwenye dashibodi ya gari.

Taa ya skrini iweke ijizime, na skwelchi, kile kirekebishi cha kunyamazisha redio pasipo mtu anayezungumza, ipandishe mpaka ule mchakacho ukatike. Ukiuacha ukichakacha mfululizo, spika inakula chaji kukupigia upepo.

BaharaMkongwe

Marahaba fundi. Nimeelewa hilo la kupinduliwa. Na mguso upake nini usishike tena?

FundiKibokoni

Mafuta kidogo sana ya mgando, yale meupe ya kupaka mwilini yanatosha, unyoya tu, unapaka kisha unafuta. Yanazuia chumvi, na springi ikibana betri inayapenya.

KizingoMawimbi

Chaja hiyo ya pembeni, kwa hapa mjini niulizie vipi nisiuziwe takataka tena?

5Z_Pembezoni

Zunguka maduka ya vifaa vya umeme Digo Road, uombe ya betri nne, kisha angalia taa. Zikiwa nne, kila betri na yake, na inakubali kuchaji betri moja peke yake, chukua. Ikiwa na taa mbili na lazima uweke betri mbili mbili, mrudishie mwenyewe.