Naomba ushauri: vena ya shingo imewaka mapema kwenye sintigrafi ya ubongo

Kadutu_Picha: Wakubwa, hodi. Hapa Bukavu tumeletewa CD ya mgonjwa aliyepigwa sintigrafi ya ubongo (picha za dawa yenye mionzi ikipita mwilini) nje ya nchi: dawa ni teknesiamu-99m, sindano mkono wa kushoto. Jugulari ya kushoto (vena ya shingo inayoshusha damu ya ubongo) inawaka kabla ya karotidi (ateri ya shingo inayoipandisha). Familia imeshaambiwa ateri na vena zimeungana vibaya ubongoni. Tuanzie wapi?

Gama140: Anza kuhesabu picha, ndugu. Dawa ikitoka mkononi hupita moyo wa kulia, mapafu, moyo wa kushoto, ndipo ipande kwa karotidi na kushuka kwa jugulari. Jugulari ikitangulia, dawa hiyo ubongoni haijafika bado. Imepanda kinyumenyume kutoka kifuani. Mishipa ingekuwa imeungana vibaya, karotidi ingewaka kwanza, kisha vena ifuate upesi mno. Kila picha ni sekunde 1 au 2, kwa hiyo fungua mfululizo wote. Ile iliyochapwa kwenye karatasi haisemi kitu.

MamaIbanda: Na kushoto ndiko kwenyewe. Vena ya kifuani inayopokea damu ya mkono na shingo ya upande huo ni ndefu, inakatiza mbele ya matawi ya aota na kubanwa na mfupa wa kifua. Mgonjwa akikohoa au akikaza pumzi sindano inapoingia, na vali ya jugulari (kilango kinachozuia damu kurudi) ni legevu, damu inarudi juu. Ulizeni kama mkono huo una fistula ya dialisisi (ateri na vena zilizounganishwa ili kusafishia damu), au kama aliwahi kuwekewa kateta (mrija ndani ya vena) kifuani. Mkono au uso ukiwa umevimba, hayo ni mengine: skaneri ya kifua.

Kadutu_Picha: Hajavimba, mama. Arudishwe akapigwe tena?

Gama140: Kwa hilo tu, hapana. Tazama picha za mwisho: ubongo ukiwa umepokea dawa sawasawa pande zote mbili, kurudi kule hakukuharibu kipimo. Akirudiwa kwa sababu nyingine, sindano iwe mkono wa kulia, dawa isizidi ml 1, isukumwe na serumu (maji ya chumvi) ml 10 au zaidi, naye apumue taratibu.

MamaIbanda: Ekografi ya dopla (ultrasound inayoonyesha damu inakoelekea) mnayo, pimeni jugulari. Alale chali, jeli nyingi, sonda iguse ngozi tu. Ukikandamiza, vena inajifunga na huoni kitu. Mpe sirinji tupu ya ml 10 apulize kwenye ncha ya sirinji mpaka pistoni itikisike, ashikilie sekunde 10. Damu ikirudi zaidi ya sekunde 0.88, vali haifungi. Ikirudi kidogo tu mwanzoni, ni vali yenyewe inajifunga.

Kadutu_Picha: Nimehesabu: jugulari picha ya 3, karotidi ya 6. Sirinji zipo, kesho asubuhi tunampima.