Vyumba viwili vya mraba kuwa sebule moja ya mraba, mbona kila mara marumaru moja inanisumbua?

Fundi_Makorora: Wakuu habari za jioni, mimi fundi marumaru hapa Tanga, hesabu niliziacha fomu tuu. Juzi mama mmoja kanunua marumaru za sentimita 30 za vyumba viwili, kila chumba 12 kwa 12, jumla 288, asubuhi nafika na ndoo zangu ananambia kaghairi, zote ziende sebuleni, na sebule ni 17 kwa 17. Nikapiga kazi mpaka kona ya mwisho, imepungua moja. MOJA! Madukani Barabara ya kumi na mbili rangi ile imekwisha, nikabandika ya rangi nyingine nikasogeza kabati juu yake 😂. Usiku nikakaa na simu, vyumba vya 5 kwa 5 ni 50, sebule ya 7 kwa 7 inakula 49, inabaki moja. Vya 2 kwa 2 ni 8, sebule ya 3 kwa 3 inataka 9. Hivi hakuna saizi inayokaa sawasawa?

binti_ngamiani: Siku mama akihamisha kabati utatwambia shehe

Ticha_Muheza: Hakuna mkuu na hutoipata. Sebule iwe x, chumba y, unataka x² = 2y². Upande wa kulia ni shufwa, kwa hiyo x nayo shufwa, iite 2k. Sasa 4k² = 2y², yaani y² = 2k², hapo umepata sebule ndogo zaidi yenye tabia ileile, nayo itazaa nyingine ndogo zaidi, na namba kamili haziwezi kushuka milele, zinagota. Ndo maana kukaribia kabisa ni moja tu, ama ibaki ama ipungue.
Ukitaka zinazopungua moja, chukua 3 na 2. Sebule mpya ni 3x + 4y, chumba kipya ni 2x + 3y. Inakuja 17 na 12 (ya mama huyo!), halafu 99 na 70, halafu 577 na 408, haziishi. Ukianza na 1 na 1 unapata zinazobaki moja, 7 na 5, 41 na 29.

pweza_raskazone: Hiyo ya kupungua moja, x² = 2y² + 1, ndo mlinganyo wa Pell, ingawa Pell mwenyewe, mwanahisabati wa Uingereza, kasingiziwa tu, mwanahisabati mwenzake Euler ndo alichanganya majina. Brahmagupta wa India alikuwa anaichezea tangu mwaka 628. Na msione 2 ni laini mkadhani zote hivyo, weka 61 mahali pa 2, x² = 61y² + 1, y ndogo kabisa ni 226153980 na x ni 1766319049. Mhindi mwingine, Bhaskara, aliipata karne ya 12 bila kalkuleta.

Fundi_Makorora: Nimepiga 99 mara 99 ni 9801, na 70 mara 70 mara mbili ni 9800, wallahi kweli. Na vyumba vitatu je?

Ticha_Muheza: Vitatu kubaki moja haiwezekani kabisa. Mraba wowote ukiugawa kwa 3 baki ni 0 au 1, na 3y² − 1 baki yake ni 2. Kupungua moja zipo, 4 kwa 4 mara tatu ni 48, sebule 7 kwa 7.

Fundi_Makorora: Basi wa vyumba vitatu nikimpata namwambia aongeze moja tangu dukani