Mtu mzima unapigwa leza kwenye jina lako mbele ya watu kisa h-indeksi, hii ni dharau!

Shina la Muhogo:
Wakuu nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka kwa hasira, salamu baadaye. Yule bwana mkubwa wetu, mnamjua, yule wa tai ndefu na mafaili kwapani, leo kawasha projekta akatuwekea majina ya idara nzima yamepangwa kwa h-indeksi, ile namba ya pepa zako zinavyotajwa na wengine, toka Google Scholar, wa juu kijani, wa chini wekundu. Mimi wa mwisho, nina 4. Halafu akatoa kile kileza chake akakipiga kwenye jina langu akasema "hapa ndipo idara inapovuja". Mbele ya watu!! Ma-TA (wahadhiri wasaidizi) niliowafundisha mwaka wa kwanza wanaangalia chini, mama wa chai kasimama na birika anasoma jina langu, na kile kidoa chekundu hakitoki, kimekaa pale mpaka nikahisi harufu ya nywele kuungua.

Mimi mtu wa mihogo. Kutwa niko na wakulima kwenye michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa tangu 1936 na Storey pale Amani, Tanga. Shamba unaliona zuri tu, ukichimbua muhogo ndani una mabaka ya kahawia makavu, mama wa watu anakata kipande baada ya kipande anatupa, sufuria haijai. Nikipata jibu naandika kipeperushi cha Kiswahili, afisa ugani anagawa, watu wanang'oa mashina yenye ugonjwa wanapanda pingili safi. Sasa huyo mkulima anisaiti, yaani anitaje kwenye pepa, wapi? Kwenye gunia?

Na hicho kipimo kakileta Hirsch, mtu wa fizikia wa California, 2005. Ukiwa na h ya 10 maana yake una pepa 10 ambazo kila moja imetajwa na wengine walau mara 10, basi. Haisemi kama uliandika mwenyewe au ulikuwa jina la arobaini kwenye pepa ya malaria, haisemi walikutaja kukusifu au kukukosoa, na haishuki hata ulale miaka kumi. Huyo mwenye leza pepa zake zote zinaanza kwa kujitaja yeye, aya nzima yeye, yeye na yeye. Peter Higgs wa Nobel ya fizikia ya 2013, baada ya pepa yake maarufu ya 1964 alitoa pepa zisizofika 10, na mwenyewe alisema siku hizi asingepata kazi chuo kikuu. Naye angepigwa leza?

"Hapa ndipo idara inapovuja." Mimi! Na leza!

Kigoda Kimoja:
4??? Mkuu hiyo ni h-indeksi au saizi ya familia 😂😂

Mpare wa Mjini:
Pole ila andika pepa kaka. Hasira hazihesabiwi Scopus, kule wanakohesabu pepa.

Dada Maabara:
Mpare acha hizo, namba yenyewe inachezewa kila siku. 2010 Cyril Labbé, mtafiti wa Grenoble, Ufaransa, alimtunga mwanasayansi hewa, Ike Antkare, pepa zimeandikwa na kompyuta zinatajana zenyewe kwa zenyewe, h ikafika 94. 2024 wakampandisha paka anaitwa Larry kwa njia hiyo hiyo, saitesheni zaidi ya mia. Na Clarivate, kampuni inayohesabu saitesheni, kwenye orodha yao ya 2023 ya wanaotajwa sana walikata watu zaidi ya 1,000 kwa kutilia shaka mwenendo wao.

Kigoda Kimoja:
Kwa hiyo mleta mada kapitwa na paka

Shina la Muhogo:
Sicheki. Mnaongea habari za paka, mimi naongea habari ya mtu kumulika jina la mwenzake mbele ya ma-TA. Angeniita ofisini akaniambia, ningemsikiliza.

Ustaadh wa Sarufi:
Sisi wa Kiswahili ndo hatupo kabisa. Nimeandika makala kuhusu ngeli, watu wanaifundishia, ukitafuta kwenye hizo hesabu zao sifuri. Bora wewe una 4.

Nahodha 77:
Kuna Azimio la San Francisco, DORA, toka 2013, linakataa mtu kupimwa kwa jarida alilochapisha. Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, 2021 walisema wanaachana na impakti fakta, wastani wa makala za jarida kutajwa, kwenye kuajiri na kupandisha watu vyeo. Mpelekee bwana mkubwa.

Mpare wa Mjini:
Mpelekee uone, na azimio nalo atalipiga leza.

Sura ya Pili:
Nyie mnalia na namba, mimi supavaiza kakalia sura yangu ya pili tangu kabla ya masika, ukimpigia yuko safarini, ukienda ofisini koti liko kwenye kiti mwenyewe hayupo. Juzi naona data zangu kwenye pepa, jina lake la kwanza, la pili la mkewe!!

Dada Maabara:
Wa mkewe nao wapo kumbe. Kwetu ni shemeji.

Kigoda Kimoja:
Hahahaha taja chuo

Sura ya Pili:
Nitaje nisigradueti?

Ustaadh wa Sarufi:
Na hela za kusahihisha mitihani mmepata? Huku kimya, tulisaini fomu, wakasema fomu si zenyewe, tukasaini nyingine.

Nahodha 77:
Huku pia bado. Mhasibu anasema mfumo.

Mpare wa Mjini:
Mfumo kila mwezi mfumo! Safari zao za semina mfumo haugomi.

Shina la Muhogo:
Jamani mada ni leza

Ustaadh wa Sarufi:
Tumekusikia mkuu. Nahodha, hizo fomu mpya mlijaza za njano au nyeupe?

Nahodha 77:
Nyeupe. Za njano zilirudishwa zote.