Tupeane uzoefu: baridi ya milimani, makaa na tokeni za umeme

Mkazi wa Kabale:
Wadau, habari zenu. Wa Kampala wakisikia tunalia baridi hushangaa, lakini huku tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku ni nyuzi 10 hivi. Nyumba zetu hazina mitambo ya kupasha joto kama Ulaya. Joto letu ni sigiri (jiko la makaa), maji ya kuoga, chai na blanketi, na makaa yamepanda. Amri ya rais wetu ya Mei 2023 iliyopiga marufuku makaa ya biashara kutoka kaskazini mwa Uganda ilizidi kubana soko.

Naona tunalipia joto lile lile mara mbili: tunaliwasha, linatoroka, tunaliwasha tena. Kwangu lilitorokea juu. Chini ya mabati matupu, pumzi zetu ziligeuka matone, alfajiri yanadondoka kwenye neti. Nikashona mikeka ya mafunjo pamoja, nikaitundika kwenye fito ikawa dari. Mafunjo ndani yana vishimo vya hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Matone yameisha, na joto la jioni linakaa hadi usiku mkubwa. Ninyi mnafanyaje?

Mama Pacha, Kapchorwa:
Asante kwa kuanzisha hili. Mimi makaa yaliniishia kwenye maharagwe. Sasa nayaloweka usiku kucha, namwaga yale maji, nayachemsha kwa nguvu kama dakika 20 na kitu, halafu sufuria naifunika na kuitia kwenye kapu kubwa nililolijaza majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu. Mchana nikifungua bado mvuke unanipiga usoni. Yakiwa hayajaiva sawasawa nayarudisha motoni kidogo. Ila dada zangu, msiruke ule mchemko wa mwanzo: maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu inayotapisha, na kapu peke yake haliiondoi.

Fundi umeme, Fort Portal:
Wateja wangu wanagombana na watoto juu ya taa. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 5 kila usiku haifikishi uniti moja na nusu kwa mwezi! Tazameni bafuni. Hita ya kuogea ya wati 5,000 ikifunguliwa dakika 10 inakula uniti 0.8. Familia ya watu wanne wakioga hivyo kila siku, mwezi ukiisha zimekwenda uniti 100. Lita 10 za maji kuzitoa nyuzi 18 hadi 40 ni robo ya uniti, basi beseni na kopo vinaokoa sana. Na birika la umeme, chemsheni maji mnayohitaji, yanayobaki yaingie kwenye chupa ya chai papo hapo.

Kijana wa Kisoro:
Naomba niseme jambo zito. Jirani zetu waliingiza sigiri chumbani usiku wa mvua, wakafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa gunia. Asubuhi mtoto mkubwa ndiye aliyeweza kutambaa hadi mlangoni. Tuliwatoa nje wote, mama yao hajitambui, tukampeleka hospitali na akapona. Moto wa makaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na makaa yaliyofifia yenye majivu juu bado yanaitoa. Ukisikia kichwa kinauma, kichefuchefu na miguu haina nguvu, toka nje kwanza, mengine baadaye. Zibeni nyufa mnavyotaka, nami naunga mkono, lakini moto ukae nje ya chumba cha kulala. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea.

Mkazi wa Kabale:
Pole sana kwa jirani zako, ndugu. Kila mwenye watoto asome hapo mara mbili.

Bibi wa Mbale:
Jerikeni ipakwe rangi nyeusi, ijazwe maji, iwekwe juani penye ukuta usio na upepo tangu asubuhi. Jioni watoto wanaoga bila moto. Siku ya mawingu haifai.

Mama Pacha, Kapchorwa:
Hata mimi natumia hiyo, Bibi. Lakini maji hayo ni ya kuoga tu, ya kunywa nachemsha.

Mpangaji, Kabale:
Mwenye mikeka, mimi napanga chumba kimoja na mwenye nyumba hataki misumari kwenye fito zake. Nifanyeje?

Mkazi wa Kabale:
Vuta kamba nne kutoka ukuta hadi ukuta juu ya kitanda, ulaze mikeka miwili juu yake, ukiifunga kwa uzi wa katani. Iwe mbali na taa na nyaya. Ukihama unaikunja unaenda nayo. Anza na upande wa kitanda, kwingine kutasubiri mshahara.