Mrejesho: kazi ya kundi, watu sita mikoa minne

Wakuu, nililia hapa kwamba tunasoma kwa masafa, tuko sita, na kazi ya kundi naiandika peke yangu. Asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa kuhamia Google Docs, hati moja ya mtandaoni tunayoandika wote, kila mtu na kipande chake chenye jina. Historia ya mabadiliko ndiyo iliyowaamsha: aliyeandika mistari miwili saa tano usiku alionekana wazi! Zoom ilishindikana, bando lilikuwa linaisha katikati ya kikao, tukarudi kwenye sauti za WhatsApp. Hata wa Kigoma alizisikiliza huku anauza dukani.

Mmoja hakuandika kitu hadi mwisho. Tukatuma bila jina lake, ingawa roho iliniuma. Tumepata 17 kati ya 20.