Naomba ushauri: mtendaji wa kijiji hataki kusoma mapato na matumizi

Habari zenu wakuu. Kijijini kwetu tulichanga fedha za kujenga zahanati, kila kaya ikatoa. Boma lilifika kwenye lenta likaishia hapo. Nondo zilizochomoza juu zimeshika kutu, na ndani watu wanafunga mbuzi. Kinachoniuma zaidi ni wajawazito, ambao bado wanapakiwa kwenye bodaboda usiku kufuata huduma kata ya jirani.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi. Kwetu ukiitishwa, ajenda ya fedha inawekwa mwisho. Jua likizama tunaambiwa tutaendelea siku nyingine. Risiti tulizopewa wengi wetu ni vipande vya karatasi ya daftari, hata muhuri havina. Mwenyekiti ukimuuliza anakutuma kwa mtendaji, na mtendaji anasema unaleta siasa.

Najua Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Mliowahi kuitumia, naomba mnielekeze: barua niianzie kwa mtendaji mwenyewe, au niende kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa mkuu wa wilaya? Je, tusaini wengi? Wazee kadhaa wanaogopa majina yao kuonekana, na siwalaumu. TAKUKURU (taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa) nao tuwahusishe mapema, au tusubiri majibu kwanza?