Mmisionari mpya shambani, mchana tufanye nini?

Habari zenu. Mimi ni mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), nimehamishwa kutoka mjini. Mimi na mmisionari mwenzangu tumepewa eneo la mashambani. Tawi, yaani kusanyiko la waumini, ni dogo, nyumba zimetawanyika, mnyororo wa baiskeli unachomoka kila tukifika kwenye mchanga. Mchana kutwa watu wako shambani. Saa hizo mnazitumiaje?

— Shikeni jembe! Kuhudumia watu ni kazi yenu pia, na mtu akilima huongea.

— Muulizeni rais wa tawi nani ameacha kuja kanisani, muanze na hao. Mnyororo: vuteni gurudumu la nyuma kidogo, kazeni nati.

— Mimi nilitumikia miezi 18 ya wamisionari akina dada. Jioni ndiyo ngumu. Ila tangu 2019 mnapiga simu nyumbani kila wiki. Sisi tulisubiri Krismasi na Siku ya Mama!